Homoni za Ubongo na Mwanzo wa Kubalehe: Ufafanuzi wa Kibiolojia na Maana Yake kwa Wasichana wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna homoni zinazotengenezwa katika ubongo zinavyoanzisha kubalehe na kuendesha uzazi wa binadamu. Msingi wa maelezo ni mhimili unaounganisha sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, tezi ya pituitari na tezi za uzazi. Makala yanaonyesha kwamba kubalehe si tukio la siku moja, bali ni kuamshwa upya kwa mfumo ambao ulikwisha kufanya kazi kabla ya mtoto kuzaliwa, kisha ukanyamazishwa wakati wa utoto. Aidha, yanaeleza jinsi lishe, maradhi, kazi nzito na sumu za mazingira zinavyoweza kuuathiri mfumo huo, kwa kurejelea hali ya Shinyanga na vijiji vya wachimbaji wadogo wa Geita. Hoja kuu ni kwamba hedhi ya kwanza ni ishara ya ubongo kuanza kazi, wala si uthibitisho kwamba mwili umekamilika kwa ajili ya mimba na kujifungua. Hoja hiyo ina uzito katika mjadala wa umri wa ndoa nchini Tanzania.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kuelezea mwanzo wa utu uzima wa kimwili. La kwanza ni kubalehe, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba dhana ya kufikia. La pili ni kuvunja ungo, msemo unaomhusu msichana pekee na unaotaja siku anapoona hedhi yake ya kwanza. Yote mawili yanaichukulia hali hiyo kama kizingiti: kabla yake kuna mtoto, baada yake kuna mtu mzima. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kizingiti hicho kimekuwa na matokeo makubwa. Kinaweza kuamua lini binti atafundwa, lini ataanza kuposwa na, mara nyingine, lini ataacha shule.

Mkoa wa Shinyanga ni mfano ulio wazi. Utafiti wa Kitaifa wa Afya na Viashiria vya Watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 59 ya wanawake wa mkoa huo waliokuwa na umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au kuishi na mwenza kabla ya kutimiza miaka 18. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko cha mikoa mingine yote nchini. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni umaskini, mahari ya ng'ombe, hofu ya mimba nje ya ndoa na umbali wa shule za sekondari. Pamoja na sababu hizo ipo hoja inayovaa sura ya kibiolojia: kwamba binti aliyekwisha kuvunja ungo amekuwa mkubwa, na mwili wake wenyewe umetoa ruhusa.

Magharibi ya Shinyanga unaanza ukanda wa dhahabu. Geita, iliyotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, ina mgodi mkubwa wa kisasa na vijiji vingi vya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Kwa upande wa Shinyanga, shughuli hizo zinaonekana Kahama na Mwakitolyo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Tanzania na kugusa zebaki kwa mikono yao. Hivyo basi, katika eneo hili maswali mawili yanakutana. Swali la kwanza ni nini hasa huanzisha kubalehe. Swali la pili ni nini kinaweza kuvuruga mwanzo huo. Makala haya yanajibu maswali hayo kwa mfuatano, kisha yanarudi kwenye hoja ya ruhusa ya mwili.

2.0 Mhimili wa haipothalamasi, pituitari na tezi za uzazi

Chini ya ubongo, juu kidogo ya paa la kinywa, ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Sehemu hii husimamia njaa, kiu, joto la mwili, usingizi na uzazi. Ndani yake zimo seli za neva chache sana, zinazokadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 2,000, ambazo hutoa homoni inayojulikana kwa kifupi kama GnRH. Homoni hiyo ni mnyororo mfupi wa amino asidi 10. Muundo wake ulibainishwa mwaka 1971 na makundi mawili yaliyokuwa yakishindana, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, na wanasayansi hao wawili walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1977.

GnRH husafiri umbali mfupi kupitia mishipa midogo ya damu hadi kwenye tezi ya pituitari, iliyo na ukubwa wa punje ya njegere. Pituitari nayo hujibu kwa kumimina homoni mbili katika damu: LH na FSH. Homoni hizi huteremka hadi kwenye ovari za msichana au korodani za mvulana. Katika ovari, FSH hukuza vifuko vya mayai na kuviwezesha kutengeneza estrojeni, na LH hukamilisha ukomavu wa yai na kulitoa. Katika korodani, LH huchochea utengenezaji wa testosteroni, na FSH husaidia utengenezaji wa mbegu za kiume. Estrojeni na testosteroni ndizo zinazoleta mabadiliko yanayoonekana kwa macho: matiti, sauti nzito, misuli, kupanuka kwa nyonga na kuongezeka kimo. Kwa hiyo dalili zinazoonekana nje ni kiungo cha mwisho cha mnyororo ambao kiungo chake cha kwanza kimo kichwani.

Jambo moja katika mhimili huu linahitaji kutiliwa mkazo. GnRH haitolewi mfululizo kama maji ya bomba lililoachwa wazi. Hutolewa kwa mapigo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ernst Knobil na wenzake, waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, waliwachunguza nyani wa aina ya resasi ambao sehemu husika ya haipothalamasi ilikuwa imeharibiwa. Nyani hao walipopewa GnRH kwa pigo moja kila saa, pituitari zao zilirudia kutoa LH na FSH. Walipopewa homoni hiyohiyo bila kukatiza, utoaji wa LH na FSH ulididimia. Mwaka 1980 kundi hilo lilikwenda hatua moja mbele: liliwapa nyani jike wachanga, wasiofikia umri wa kubalehe, mapigo ya GnRH ya kila saa. Nyani hao walianza mizunguko ya uzazi ya watu wazima. Mapigo yalipositishwa, walirudi katika hali yao ya utoto.

Matokeo hayo yana maana mbili. Kwanza, pituitari na ovari za mtoto ziko tayari kufanya kazi miaka mingi kabla ya kubalehe. Kinachosubiriwa ni amri ya ubongo. Pili, mwendo wa amri hiyo ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Mapigo ya haraka huelekea kuongeza LH, na mapigo ya polepole huelekea kuongeza FSH. Mfumo unasoma kasi, si kiasi peke yake.

3.0 Breki ya utotoni na kuachiliwa kwake

Seli za GnRH hazizaliwi katika haipothalamasi. Wakati wa ujauzito huanzia eneo la pua la kijusi, kisha husafiri pamoja na neva za kunusa hadi kufika ubongoni. Safari hiyo ikikatizwa, mtoto huweza kuzaliwa na hali iitwayo sindromu ya Kallmann, ambamo kubalehe hushindwa kuanza au kukamilika na uwezo wa kunusa hupungua au hukosekana. Kwa mhudumu wa afya katika zahanati isiyo na maabara ya homoni, taarifa hii ina manufaa ya moja kwa moja: kijana aliyechelewa kubalehe anapaswa kuulizwa kama ananusa vizuri.

Mhimili wa uzazi huanza kufanya kazi kijusi kikiwa tumboni. Baada ya kuzaliwa, huamka tena kwa miezi kadhaa katika kipindi ambacho wanasayansi hukiita kubalehe kudogo, kisha hunyamaza. Ukimya huo hudumu kwa sehemu kubwa ya utoto. Ushahidi kwamba breki imo ubongoni unatokana na watoto waliozaliwa bila tezi za uzazi zinazofanya kazi. Watoto hao hawana estrojeni ya kutosha ya kuuzuia ubongo, lakini kiwango chao cha LH na FSH nacho hushuka katikati ya utoto. Kama kizuizi kingekuwa ni ovari peke yake, kushuka huko kusingetokea.

Kwa muda mrefu haikujulikana ni nini hasa huiachia breki hiyo. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na jingine la Boston, yalichapisha ugunduzi uliofanana. Yalichunguza familia ambazo baadhi ya watu wake hawakubalehe, na kubaini kasoro katika jeni ya kipokezi cha homoni iitwayo kisipeptini. Jeni ya kisipeptini yenyewe ilikuwa imegunduliwa mwaka 1996 katika utafiti wa saratani mjini Hershey, Pennsylvania, na ikapewa jina linalorejelea peremende maarufu za chokoleti za mji huo. Hakuna aliyetarajia kwamba ingegeuka kuwa ufunguo wa uzazi.

Kisipeptini hutolewa na seli za neva zilizo jirani na seli za GnRH, na huziamuru zitoe mapigo yao. Baadhi ya seli hizo hutoa pia kemikali nyingine mbili: nyurokinini B, inayochochea, na dinofini, inayozuia. Kupokezana kwa kuchochea na kuzuia ndiko kunakozaa mapigo. Mwaka 2009 uchunguzi wa familia za Uturuki ulionyesha kwamba kasoro katika jeni za nyurokinini B au kipokezi chake nazo huzuia kubalehe. Mwaka 2013 ilibainika kwamba jeni iitwayo MKRN3 hufanya kazi kinyume, yaani hushiriki katika kuzuia. Mtoto anayerithi kasoro ya jeni hiyo kutoka kwa baba yake huweza kubalehe mapema mno, kwa kuwa nakala itokayo kwa mama huwa imezimwa kwa kawaida.

Breki inapoanza kuachiliwa, dalili za kwanza hazionekani mchana. Tangu mwaka 1972 imefahamika kwamba mapigo ya LH ya mtoto anayekaribia kubalehe huongezeka usiku, akiwa usingizini. Kwa miezi mingi mama anamwona mwanawe kuwa ni yuleyule, ilhali ubongo umekwisha kuanza mazoezi. Ndipo matiti huanza kuchipua, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, na korodani huanza kukua, kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14. Uchunguzi wa Marshall na Tanner uliochapishwa mwaka 1969 uligundua kwamba hedhi ya kwanza hufuata baada ya kuchipua kwa matiti kwa wastani wa zaidi kidogo ya miaka 2. Hivyo, siku ya kuvunja ungo ni hatua ya mbali katika safari iliyoanza kimyakimya miaka kadhaa nyuma, nayo, kama itakavyoelezwa, si hatua ya mwisho.

4.0 Lishe, maradhi na kazi nzito

Uzazi ni shughuli ya gharama kubwa kwa mwili. Mimba na unyonyeshaji huhitaji akiba ya nguvu, na ubongo hauruhusu mfumo huu kuanza bila kupata taarifa za akiba hiyo. Mojawapo ya taarifa hizo huletwa na leptini, homoni inayotolewa na seli za mafuta, ambayo iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman. Watoto wachache waliozaliwa bila leptini hunenepa kupita kiasi, lakini hawabalehe kikamilifu. Wakipewa leptini wakiwa na umri unaofaa, kubalehe huanza. Hata hivyo, mtoto mdogo anayepewa leptini habalehe kabla ya wakati wake. Kwa hiyo leptini ni kibali, si kichochezi: kuwepo kwake hakutoshi kuanzisha kubalehe, lakini kukosekana kwake huizuia.

Maelezo haya yanasaidia kufahamu kwa nini umri wa hedhi ya kwanza hutofautiana kati ya jamii na kati ya vizazi. Barani Ulaya umri huo ulishuka kutoka takriban miaka 16 au 17 katikati ya karne ya 19 hadi takriban miaka 13 katika nusu ya pili ya karne ya 20. Urithi wa jeni za watu haukubadilika kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni chakula, usafi na maradhi ya utotoni. Kwa Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wakiwa wamedumaa, inatarajiwa kwamba watoto wa familia moja hadi nyingine wataingia katika kubalehe kwa nyakati zinazopishana sana. Binti wa mjini Shinyanga anayekula milo kamili na binti wa kijiji kilichokumbwa na ukame wanaweza kuwa na umri mmoja, lakini wasiwe katika hatua moja.

Maradhi ya muda mrefu nayo huchelewesha. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na kuchelewa kubalehe ni sehemu inayofahamika ya ugonjwa huo. Watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao huathirika. Utafiti wa ARROW, uliofanyika Uganda na Zimbabwe, ulionyesha kwamba waliochelewa kuanza dawa walichelewa pia kubalehe. Kazi nzito isiyolingana na chakula huleta matokeo ya namna hiyohiyo. Mtoto anayeponda mawe, kubeba viroba vya udongo wa dhahabu na kushinda kwenye karasha hutumia nguvu ambazo ubongo ungezihesabu kuwa akiba.

Kutokana na hayo, kuchelewa hakupaswi kuchukuliwa haraka kuwa ni kurogwa au ni dalili ya utasa. Kwa kawaida za kitabibu, msichana asiye na dalili ya matiti akiwa na miaka 13, asiyeona hedhi akiwa na miaka 15, au mvulana ambaye korodani zake hazijaanza kukua akiwa na miaka 14, anastahili kuchunguzwa. Vilevile, dalili zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au kabla ya miaka 9 kwa mvulana, uchunguzi ni wa lazima, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa uvimbe ubongoni.

5.0 Zebaki katika ukanda wa dhahabu

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hutumia zebaki kukamatisha chembe za dhahabu. Mchanganyiko unaopatikana huchomwa, zebaki ikageuka mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo ukivutwa, takriban asilimia 80 huingia mwilini kupitia mapafu. Kutoka hapo huvuka kizuizi kinachoulinda ubongo, na kwa mjamzito huvuka pia kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Uchunguzi wa afya uliofanywa Rwamagasa chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki wa Umoja wa Mataifa ulikuta dalili za sumu hiyo miongoni mwa wachomaji, zikiwemo mitetemeko na kuyumba katika kutembea.

Je, zebaki huweza kuugusa mhimili wa uzazi? Ipo sababu ya kulichukulia swali hili kwa uzito. Mwaka 1975 ulichapishwa uchunguzi wa viungo vya marehemu waliokuwa wachimbaji wa zebaki katika mji wa Idrija, ambao leo umo Slovenia. Viwango vya juu vya zebaki vilikutwa katika tezi ya shingo na katika pituitari, tezi ileile inayopokea amri ya GnRH. Kuwepo kwa sumu mahali fulani, hata hivyo, si ushahidi wa madhara mahali hapo, wala wachimbaji wazee wa Ulaya hawawezi kuwakilisha watoto wa Nyarugusu. Kwa risasi ushahidi umesonga mbele zaidi. Uchambuzi wa takwimu za afya za Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha viwango vidogo vya risasi katika damu ya wasichana na kuchelewa kwa kubalehe. Mkasa wa Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ambapo mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu, unakumbusha kwamba sumu ya machimbo haikomei kwenye zebaki, bali inategemea aina ya mwamba.

Tahadhari moja ya kimantiki inafaa kuzingatiwa na kila mtafiti wa eneo hili. Mtoto wa machimboni ana mambo mengi kwa pamoja: zebaki, kazi nzito, lishe duni, malaria na kukatizwa usingizi. Lolote kati ya hayo laweza kuchelewesha kubalehe. Utafiti utakaopima zebaki peke yake na kupata uhusiano utakuwa umepima pia umaskini bila kujua. Hata hivyo, ulinzi wa mtoto hauhitaji kungoja uamuzi wa suala hilo. Madhara ya zebaki kwa ubongo unaokua yamethibitika, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

6.0 Ubongo katika uzazi wa mtu mzima

Kazi ya homoni za ubongo haiishii kwenye kubalehe. Kila mwezi wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ni mazungumzo kati ya ovari na ubongo. Kwa siku nyingi estrojeni huuzuia ubongo, kwa njia ya mrejesho hasi. Kiwango chake kinapopanda na kubaki juu kwa takriban siku mbili, mrejesho hugeuka kuwa chanya, na pituitari humwaga LH kwa wingi. Yai hutoka takriban saa 36 baada ya mmwago huo kuanza. Seli za GnRH zenyewe hazina kipokezi kikuu cha estrojeni. Seli za kisipeptini ndizo zinazokisoma kiwango cha estrojeni na kupeleka habari.

Uelewa huu unaeleza mambo mawili yanayogusa maisha ya kila siku. La kwanza ni sindano ya uzazi wa mpango inayochomwa kila miezi 3. Dawa iliyomo hufanana na projesteroni, nayo huizuia LH kumwagwa, hivyo yai halitoki. La pili ni unyonyeshaji. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hupunguza kizuizi cha prolaktini, na prolaktini inapopanda kisipeptini hupungua na mapigo ya GnRH hufifia. Mama ambaye mtoto wake hajafikisha miezi 6, anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine na ambaye hedhi haijarudi, ana kinga ya mimba inayozidi asilimia 98. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo hupungua. Desturi ya wazee ya kupanga uzazi kwa kunyonyesha ilikuwa na msingi, lakini msingi huo una mipaka yake.

7.0 Kuvunja ungo na hoja ya ruhusa ya mwili

Sasa hoja iliyotajwa katika utangulizi inaweza kupimwa. Hedhi ya kwanza inathibitisha kwamba ubongo umetoa mapigo ya kutosha, ovari zimetengeneza estrojeni, na ukuta wa mji wa mimba umejengeka na kubomoka. Haithibitishi zaidi ya hapo. Katika mwaka wa kwanza na wa pili baada yake, mizunguko mingi haitoi yai, kwa sababu mrejesho chanya haujakomaa. Hali hiyo, hata hivyo, si kinga: yai huweza kutoka bila kutarajiwa, hata kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Kwa maneno mengine, mwili wa binti huyu unaweza kushika mimba huku ukiwa bado haujamaliza kujijenga.

Mifupa inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Msichana huendelea kurefuka kwa sentimita kadhaa baada ya hedhi ya kwanza, na njia ya uzazi katika nyonga hukamilika kwa kuchelewa kuliko kimo. Binti wa miaka 14 anaweza kuwa mrefu karibu sawa na mama yake bila kuwa na nyonga kama ya mama yake. Uchungu unaozuiliwa na nyonga nyembamba, pasipo upasuaji wa haraka, huweza kusababisha fistula, jeraha ambalo Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza imelitibu kwa wanawake wengi wa Kanda ya Ziwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba akina mama wa miaka 10 hadi 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi kuliko wa miaka 20 hadi 24. Mama anayeendelea kukua hugombea virutubisho na kijusi chake mwenyewe.

Ujuzi wa namna hii si mgeni kwa wafugaji wa Usukumani. Mtamba anapoonyesha dalili za joto kwa mara ya kwanza, mfugaji makini hamwachii dume. Anangoja afikie takriban asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima. Joto humwambia mfugaji kwamba mfumo umeanza, na uzito humwambia kwamba mwili unaweza kuhimili. Binadamu hapimwi kama mifugo, na utayari wake una mambo ambayo mizani haiwezi kuyaonyesha: elimu, ridhaa na ukomavu wa akili. Lakini tofauti kati ya kuanza na kukamilika ni ileile, nayo inafahamika vema katika zizi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke, na kuruhusu mahakama kutoa kibali kwa mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kilihusu ridhaa ya wazazi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo tarehe 23 Oktoba 2019. Mahakama ziliamua suala la usawa mbele ya sheria. Biolojia iliyoelezwa hapa inaongeza jambo moja tu: kwamba tofauti ya miaka 3 kati ya binti na mvulana haiwezi kutetewa kwa kudai kwamba wasichana hukomaa mapema. Wasichana huanza mapema. Kuhusu mzigo wa kuzaa, ambao ni wao peke yao wanaoubeba, hukamilika kwa kuchelewa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kubalehe huanzia katika seli chache za haipothalamasi, zinazotoa GnRH kwa mapigo chini ya usimamizi wa kisipeptini na wenzake. Mfumo huo huamka kabla ya kuzaliwa, hunyamazishwa utotoni, na huachiliwa pale jeni, lishe na afya vinaporuhusu. Njaa, maradhi, kazi nzito na pengine sumu za machimbo huweza kuubadilisha wakati wake, na ndiyo maana umri wa kuvunja ungo si kipimo cha kutegemewa hata cha umri wenyewe.

Yapo mapendekezo matatu yanayotokana na maelezo haya. Kwanza, somo la biolojia katika shule za eneo hili lifundishe kubalehe kama mchakato wa miaka, si kama siku. Pili, watafiti wa afya ya machimbo wajumuishe hatua za kubalehe katika vipimo vyao, wakipima sambamba lishe na mzigo wa kazi. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vijiji wapatiwe lugha rahisi ya kuwaeleza wazazi kwamba binti aliyevunja ungo ameanza safari. Mzazi anayelielewa hilo ana sababu ya kumwacha binti yake shuleni ambayo haitegemei hofu ya sheria peke yake, bali inatokana na mwili wa mtoto huyo mwenyewe.